Neno "Radhi" Katika Ndoa za Pwani

Miongoni mwa mafundisho tunayowapa vijana wanaotaka kuoana, somo la kuridhika ndilo jepesi kulisema. Mwalimu huwaambia wawili walioketi mbele yake kwamba mapenzi hayauzwi dukani, na kwamba tamaa ya nguo, vyombo na fedha imevunja nyumba nyingi kuliko njaa. Nao huinamisha vichwa, na somo limekwisha. Nami nimelifundisha hivyo miaka mingi. Ndipo siku moja msichana aliyebakiza majuma mawili kabla ya arusi yake aliponiuliza kwa adabu, macho chini: "Mwalimu, nikiridhika na nitakachopewa na nisichopewa, mume wangu atajuaje kwamba nimeridhika, wala sikunyamaza tu?" Sikuwa na jibu. Nalimwambia tutalizungumza juma lijalo, na juma lilipofika sikulitaja. Haya niandikayo ni deni langu kwake. Jibu nimelitafuta katika habari za zamani za pwani, kwa kuwa neno lenyewe tulilipokea kutoka huko.

Kwanza tuyatazame maneno. Tamaa, kukinai na radhi, yote matatu asili yake ni Kiarabu, na kila moja limejifanyia njia yake katika Kiswahili. Tamaa twaikemea kila siku. Walakini mtu aliyepotewa na matumaini yote twasema amekata tamaa, wala hatumsifu kwa hilo. Basi lugha yenyewe yakiri kwamba asiyetamani kitu chochote ni mtu aliyevunjika. Kukinai nako kuna pande mbili: aliyekinai ni yule aliyetosheka, asiyekitolea macho cha mwenziwe, na tena aliyekinai ni yule aliyekula kitamu mpaka kikamchosha. Lakini radhi ni neno la namna nyingine. Mtu aweza kutosheka peke yake chumbani mwake, mlango umefungwa. Bali radhi hutoka kwa mtu ikaenda kwa mtu. Mwana hutaka radhi ya mzazi wake, aliyekosa husema "niwie radhi," na kabla ya nikahi hutafutwa ridhaa ya bibi arusi. Radhi isiyoweza kunyimwa si radhi. Hapo ndipo lilipokuwa swali la yule msichana, ijapokuwa mimi sikuliona.

Katika washairi wa pwani hakuna aliyelitia neno hili uzito ndani ya ndoa kama Mwana Kupona binti Msham, wa kisiwa cha Pate. Utendi wake, alioutunga mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, wasomaji wengi wanaujua, hasa tangu Alice Werner na William Hichens walipoutoa kwa chapa mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mama alikuwa mgonjwa, naye alimwita bintiye, msichana apataye miaka 17, aje na wino na karatasi aandike wasia. Kiini cha wasia huo ni kwamba mwanamke hana budi kuzipata radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mumewe.

Wako waliousoma utendi huu wakaona ndani yake unyenyekevu tu, na wengine wakauona kuwa ni kamba ya kumfungia mwanamke. Siwezi kuwaambia wamekosa kabisa, maana yako mambo ndani yake ambayo leo hatungemwagiza binti yetu. Lakini yafaa kuangalia jambo moja. Mwana Kupona hamwambii mwanawe avae matambara ili aonekane ameridhika. Amwagiza ajipambe, ajitie manukato, ajivike vyombo vyake mikononi, aitunze nyumba yake iwe safi. Naye aitaja ndoa yake mwenyewe kuwa ndoa ya furaha na mahaba, ambayo mumewe aliiaga dunia akiwa radhi naye. Mume huyo alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepigana miaka mingi na Sayyid Said wa Unguja asikubali kuwa chini yake. Wote wawili walikufa mwaka mmoja, yaani 1856. Nyumba za mabwana wa visiwa vile hazikuwa nyumba za ufukara: zilikuwa na zidaka ukutani, na katika zidaka sahani na bakuli zilizotoka China. Mama aliyekaa katika nyumba ya namna hiyo hakuwa akifundisha kukosa. Alifundisha jinsi ya kukaa na vitu pasipo vitu hivyo kuwa ndivyo mazungumzo ya mume na mke.

Tena liko jambo ambalo hakuwa na haja ya kulisema, kwa sababu kila aliyemsikia alilijua. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe, si ya baba yake wala ya ukoo. Na chochote anachoingia nacho katika ndoa, au anachorithi akiwa ndani yake, hubaki chake. Mzee Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, katika maandiko yaliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, ameeleza vizuri jinsi mali ya arusi ilivyogawanywa. Kulikuwa na kilemba cha baba. Kulikuwa na mkaja wa mama, kwa ukumbusho wa nguo aliyojifunga tumboni alipomzaa, na ubeleko, kwa ajili ya nguo aliyombebea mgongoni. Mwalimu asome majina haya polepole. Hayakuwa bei ya msichana. Yalikuwa shukrani iliyotajwa kwa majina ya nguo na viungo vya mwili. Mahari yalikuwa mbali na hayo yote, nayo mara nyingi hayakutolewa papo hapo bali yalibaki deni juu ya mume, akumbuke kila aingiapo nyumbani kwamba anadaiwa. Kwa hiyo mke wa pwani alipomwachia mumewe radhi, alikuwa na kitu mkononi. Aliweza kudai, naye akachagua kutodai.

Nisiwapambe watu wa zamani kupita kiasi. Sheria hiyo ilikuwa ya waungwana. Mtumwa hakuweza kuoa wala kuolewa bila idhini ya bwana wake, na suria hakuulizwa ridhaa yake wala hakupewa mahari. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa kisheria katika Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, nao wakangoja mpaka mwaka 1909. Vitu vingi vilivyopamba nyumba za wake walioridhika vilipatikana kwa jasho la wanawake ambao radhi yao haikuwa na thamani mbele ya kadhi.

Mzee Mtoro mwenyewe alilijaribu somo hili kwa maisha yake. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na mwaka 1904 akamwoa mwanamke Mdachi, Bertha Hilske. Kwa ndoa hiyo alipoteza kazi. Akataka kurudi kwao pamoja na mkewe, wakasafiri mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Wakuu wa koloni wakakataa mwanamke mweupe ashuke akiwa mke wa Mwafrika. Mtoro angeweza kushuka peke yake. Alirudi Udachi pamoja naye, akafa Berlin mwaka 1927. Mtu aliyetuandikia orodha ya kilemba, mkaja na ubeleko ndiye aliyetoa kwa ajili ya mke mmoja kitu ambacho hakimo katika orodha yoyote, nacho ni nchi yake.

Miaka 38 kabla ya ndoa hiyo, mwanamke wa Unguja alikuwa amepita njia iyo hiyo, naye aliacha mali nyingi zaidi. Nimesema habari za Bwana Mataka na adui yake Sayyid Said. Basi mwanamke huyo alikuwa binti wa adui yule.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkezi aliyenunuliwa akali mtoto. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma, lakini si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba alipokufa alihesabiwa kuwa mtu mzima ingawa alikuwa na miaka 12 tu, akapewa urithi wake wa fedha na shamba. Mwaka 1859 mama yake alikufa kwa kipindupindu, naye akaongezewa mashamba mengine. Mwaka uo huo nduguye Barghash alimwasi ndugu yao Majid aliyekuwa akitawala, na Salme, kwa kuwa alijua kuandika, akawa mwandishi wa waasi. Uasi uliposhindwa alipatana na Majid. Barghash hakumsamehe kupatana huko.

Hivyo alipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu alikuwa na nyumba, mashamba, watumwa na vito, wala hakuwa chini ya amri ya mume. Kama furaha ingalikuwa katika vitu, hakuhitaji kwenda popote. Karibu na nyumba yake mjini alikaa kijana mfanya biashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, na kutoka dari moja kwenda nyingine mazungumzo yakaanza. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya ukoo wa baba wa mmoja wao. Mwaka 1866 ilionekana kwamba Salme ni mja mzito, na hatari ilikuwa kubwa. Usiku wa Siku ya Mwaka, mwezi wa Agosti, wanawake waendapo pwani kuoga, aliteremka baharini pamoja nao akapandishwa katika manowari ya Waingereza, Highflyer, akapelekwa Aden.

Huko alingoja miezi mingi. Mtoto wa kiume akazaliwa. Sayyid Majid, na hili alikumbukwe kwa wema, hakumdhuru Ruete, bali alimwacha amalize hesabu za biashara yake. Tarehe 30 Mei 1867 Ruete alikuwa amefika Aden. Siku hiyo Salme alibatizwa kwa jina la Emily, na siku iyo hiyo wakafunga ndoa, wakaondoka kwenda Ulaya. Yule mtoto mchanga alikufa katika mwaka uo huo. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1886, hakumtaja hata kwa neno moja.

Hakuwa na mahari. Hakuna aliyepokea kilemba, na mama wa kupokea mkaja alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa na mume tu. Kwa muda wa miaka mitatu alikaa Hamburg, katika baridi asiyoizoea na lugha asiyoijua, akazaa wasichana wawili na mvulana mmoja. Na tuyasomapo maandiko yake yote, pamoja na barua alizoziandika kwa ajili ya rafiki wa nyumbani, zilizochapishwa baada ya kufa kwake, manung'uniko ni mengi juu ya nchi, juu ya chakula, juu ya watu waliomkodolea macho. Juu ya mume hakuna. Hapo twaona radhi isiyotiliwa shaka na mtu. Ruete alijua kwamba mkewe ameridhika, maana alijua ameacha nini. Msichana wangu alitaka alama, na hii ndiyo alama: ni kile ambacho mtu angeweza kukishika na hakukishika.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasomea wachumba. Lakini mwezi wa Agosti 1870 Ruete alianguka alipokuwa akishuka katika gari la reli la mjini, akafa. Mjane alikuwa hajatimiza miaka 26, na mtoto mdogo alikuwa wa miezi tu. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo Sayyid Majid naye akafa, na aliyeketi mahali pake ni Barghash.

Sasa yule mwanamke ambaye alipokuwa na miaka 12 alihesabiwa kuwa mwenye mali yake, aliona kwamba katika mji wa Hamburg mjane hawezi kushika urithi wa watoto wake kwa mkono wake mwenyewe. Sheria iliwaweka wasimamizi wanaume juu ya mali. Watu wa Ulaya walikuwa wakimhurumia kwa kuwa ametoka katika nchi ambayo wanawake hawana haki, kama walivyosema. Katika kitabu chake aliwajibu kwa ukali kidogo, na sura aliyoandika juu ya hali ya wanawake wa kwao yafaa kusomwa na kila mwalimu, ijapokuwa sura yake juu ya utumwa, anakoutetea, yatia huzuni. Tena hakuwa akibishana kwa ushabiki. Katika Uingereza, mpaka sheria ya mwaka 1882, fedha na vitu vya mwanamke vilikuwa vya mumewe tangu siku ya arusi. Na katika Udachi, hata sheria kuu ya raia iliyoanza mwaka 1900 iliweka mali ya mke mikononi mwa mume aisimamie. Sisi walimu wa misioni tulirithi mafundisho mengi juu ya kuridhika kutoka kwa watu waliotoka katika nchi hizo. Walitufundisha kwa moyo mwema. Lakini mwanamke aliyesikia mafundisho hayo kwao hakuwa na cha kushika wala cha kuachilia, na nadhani ndiyo sababu somo letu limekuwa jepesi kulisema. Katika Tanzania, sheria ya ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Nimewasikia wenzangu wakilalamika kwamba mambo hayo huingiza hesabu ndani ya mapenzi. Mimi naona hesabu ilikuwamo siku zote, ila iliandikwa upande mmoja.

Turudi kwa mjane. Alihama mji hata mji, akitafuta mahali pa gharama ndogo, akafundisha Kiarabu ili apate chakula cha watoto. Mwaka 1875 Sayyid Barghash alipozuru London, alivuka bahari ili apatane naye. Waingereza walimzuia wasionane. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Udachi, na wengi wameeleza, kwa haki, kwamba wakuu wa Udachi walimtumia kama kete ya bao katika shauri lao na Sultani. Alidai sehemu yake katika urithi wa ndugu zake waliokwisha kufa. Barghash alikataa kumwona, wala hakumpa. Kwa sheria aliyoishika alikuwa na hoja: aliyeacha dini hawarithi Waislamu. Mwaka 1888, baada ya Barghash kufa, alikwenda tena, akarudi mikono mitupu.

Je, tuseme kwamba hapo tamaa ilimshinda yule aliyeshinda tamaa ujanani? Wako waliosema hivyo. Walisema alichagua mapenzi, basi aridhike nayo. Neno hilo laonekana kuwa la haki mpaka mtu afikiri nani alilisema na nani alikuwa na njaa. Salme hakuwa akidai fidia ya mapenzi yake. Mapenzi yake hakuyatia bei hata siku moja, wala hakuolewa tena katika miaka 54 ya ujane wake. Alidai mali ya baba yake na ya ndugu zake kwa ajili ya watoto watatu. Mtu aweza kuwa radhi kabisa na mumewe, na bado akamwambia nduguye, "Nipe kilicho changu." Mambo haya mawili hukaa pamoja katika kifua kimoja bila kugombana, sisi tunaofundisha ndio tuliyoyagombanisha, tukamwita mwanamke anayeuliza habari za fedha kuwa hana upendo.

Yule msichana aliolewa. Namwona mara kwa mara sokoni, naye hunisalimu kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu," wala hajaniuliza tena. Nikipewa nafasi ya kumjibu, ningemwambia avihesabu vilivyo vyake, mbele ya mumewe, mumewe naye avihesabu vyake, kisha kila mmoja achague atakachomwachia mwenziwe.

Salme alikaa miaka mingi Beirut, akarudi Udachi mwaka 1914, akafa Jena mwezi wa Februari 1924. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kwa watu wa mumewe. Katika vitu vyake watoto walikuta nguo aliyoivaa alipotoka kwao, na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.